Daftari la Stoo na Lundo la Kifusi

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja katika mkutano wa mwezi, Dar es Salaam)



Nalipoambiwa kwamba zamu yangu imefika, nalitaka kusema juu ya majalada ya ofisi na namna ya kuyatunza. Lakini Bwana Katibu akanijibu kwamba habari za majalada zimekwisha semwa mara mbili, na mara zote mbili wasikilizaji walisinzia. Basi nimechagua jambo ambalo mkaaji wa mji huu hawezi kulisinzilia hata akitaka, kwa maana ndilo linalotunyima usingizi: nyundo, mashine za kuchanganya zege, na malori ya kifusi yapitayo usiku wa manane. Nitasema juu ya vifaa vya ujenzi, jinsi viingiavyo mahali pa kazi, jinsi vitunzwavyo, na jinsi vitokavyo vikiwa taka.

Labda mtaniuliza, karani ana nini na zege? Fundi yuko, mhandisi yuko, mkandarasi yuko; kila mmoja ana elimu yake. Nami nawajibu kwamba wazee wetu walisema, mali bila daftari huisha bila habari, na daftari ndiyo kazi yetu sisi. Hakuna mfuko wa saruji uendao katika ukuta ila umepita kwanza chini ya kalamu ya mtu. Kalamu hiyo ikisema uongo, ukuta nao utasema uongo, wala hapana mchoro wa mhandisi utakaousahihisha.

Kabla sijaingia katika kazi niliyo nayo sasa nalikuwa karani wa stoo mahali palipojengwa nyumba ya ghorofa tatu, si mbali na soko la Kariakoo. Wenyewe sitawataja, kwa kuwa sikuja hapa kumshitaki mtu. Na katika habari hii mshitakiwa wa kwanza ni mimi. Ilikuwa mwezi wa Aprili, masika yamekwisha shika. Lori lilileta mifuko 200 ya saruji, na stoo yetu ilikuwa kuta tupu, haijaezekwa. Mnyapara akaamuru mifuko ishushwe pale pale juu ya udongo, ikafunikwa kwa turubai. Nikahesabu, nikatia sahihi, nikaona kazi yangu imekwisha. Usiku ule mvua ilinyesha, na usiku wa pili, na wa tatu. Turubai huzuia maji yatokayo juu. Yapandayo kutoka chini hayazuii. Siku ya tano, tulipofika safu ya chini, tuliikuta mifuko 23 imekuwa mawe.

Nalifungua daftari niandike kwamba imeharibika. Mnyapara akanishika mkono, tena kwa upole, akaniambia, "Karani, ukiandika hivyo tutalipa wewe na mimi. Andika imetumika. Tutaiponda, tutaichekecha, itakwenda." Nikaandika imetumika. Ilikuwa mistari miwili tu, kwa wino mweusi, na kwa mwandiko mzuri niliofundishwa katika shule ya misheni. Kama mngeuona mwandiko ule mngenisifu.

Sasa, ndugu zangu, yafaa mjue tabia ya saruji. Saruji huoa maji mara moja tu katika maisha yake. Ikisha kuganda, mkiiponda mpaka iwe laini kama unga wa ngano, hamkupata saruji. Mmepata vumbi lenye rangi ya saruji. Vumbi letu lile tulilitia katika jamvi la uani kiasi cha mifuko 16, na mifuko 7 iliyobaki ilikwenda katika nguzo nne za nyuma. Haikupita miezi miwili akaja mzee mmoja fundi mwashi kupiga lipu. Kabla ya kutia mwiko wake alitoa ufunguo mfukoni, akaupitisha katika nguzo kama mtu akunaye mgongo, na mchanga ukamwagika miguuni pake. Akanitazama, akauliza, "Mwanangu, daftari lako lasemaje juu ya nguzo hii?"

Nikamjibu, "Mzee, lasema ni nzuri."

Nguzo zile nne zilibomolewa baada ya kuegemezwa miti ya kushikilia ghorofa, na kazi ilisimama siku 9. Nondo zilipindika zisinyoshwe tena. Mbao za kumiminia zege zikavunjika. Na zege lililovunjwa lilipata uzito wa tani mbili na nusu. Lakini katika daftari langu hapakuwa na safu ya kuandika kitu kitokacho kikiwa taka. Palikuwa na safu ya kilichoingia, na safu ya kilichotumika, basi. Kwa hiyo kwa upande wa karatasi kifusi kile hakikuwako duniani. Na kitu kisichokuwako hakihitaji lori wala risiti. Mikokoteni miwili ilikuja saa sita ya usiku, na asubuhi mahali pote palikuwa safi.

Wiki iliyofuata mvua ilirudi, na mfereji wa mtaa wa nyuma ukayarudisha maji katika uani wa mama mmoja aliyekuwa akituuzia maandazi kila asubuhi. Nalikwenda kumpa pole. Nikakuta viroba vyake viwili vya unga vimelowa, mkaa umeelea, watoto wameketi juu ya kitanda. Na ndani ya mfereji, maji yalipopungua, naliona kipande cha nguzo chenye ringi za chuma nilizozihesabu kwa mkono wangu mwenyewe. Yule mama akaniambia, "Mwanangu, hata sijui uchafu huu umetoka wapi." Mimi nalijua, nikanyamaza. Mpaka leo sijamwambia, na sasa amehama.

Nisiwachoshe kwa toba yangu. Tangu siku hiyo nalijifunza hesabu ndogo ambayo nawaomba muiandike, maana ni ya watu wa darasa la sita wala si ya wahandisi. Zege la kawaida la nguzo ni saruji sehemu moja, mchanga mbili, kokoto nne. Kwa kila mita moja ya ujazo ya zege hilo hutakiwa mifuko sita na kitu ya kilo 50. Nguzo yenye upana wa sentimita 30 kwa kila upande na urefu wa mita 3 ina ujazo wa mita 0.27, basi yala mfuko mmoja na kama robo tatu. Nguzo 20 za namna hiyo ni mita 5.4, yaani mifuko 34. Ongezeni miwili ya kumwagika, kwa kuwa vibarua ni watu. Karani aliye na hesabu hiyo katika kijikaratasi mfukoni anajua, kabla mnyapara hajafungua kinywa, mifuko mingapi itaombwa.

Ikiwa zimeombwa 50, kila mtu huona kwamba kuna mwizi. Hapo makelele hupigwa, na karani huitwa, na pengine hufukuzwa kazi. Lakini ikiwa zimeombwa 22 tu, mwenye nyumba hufurahi! Husema, "Fundi wangu ni mwekevu." Nimeona furaha hiyo kwa macho yangu. Nami nasema mbele yenu kwamba saruji iliyosalia katika stoo yatisha kuliko saruji iliyopungua. Upungufu wa stoo ni hasara ya mtu mmoja, naye atalia na kunyamaza. Lakini mifuko 12 iliyosalia ni njaa iliyomo ndani ya nguzo, na nguzo yenye njaa haimdai mwenye nyumba peke yake, humdai kila aingiaye mlangoni. Karani mkaguzi akitafuta wizi tu amefanya nusu ya kazi.

Juu ya kutunza vifaa sitasema mengi, kwa sababu wengi wenu mnayajua. Saruji ikae juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta, isizidi mifuko kumi kwenda juu, na iliyotangulia kuingia itangulie kutoka. Ikikaa miezi mitatu katika hewa yetu hii ya pwani hupoteza kadiri sehemu moja katika tano ya nguvu zake, hata kama hamna tone la mvua lililoigusa. Mtu atie mkono ndani ya mfuko: donge linalovunjika kwa vidole si neno, donge lisilovunjika lirudishwe au liandikwe. Nondo zisilale chini. Mchanga wa ufukweni usipokewe hata ukiwa mweupe na wa bei ya chini, kwa maana chumvi yake hula nondo kimya kimya kama mchwa. Na mchanga wa mitoni nao, ingawa ni mwema kwa zege, mwulize mwenye lori ameuchota wapi. Kando ya mito kama Tegeta na Mpiji watu wamechota mchanga hata kingo zikaporomoka.

Turudi Kariakoo. Jina lenyewe, kama mjuavyo, latokana na Carrier Corps, yaani lile jeshi la wapagazi wa Waingereza katika vita ya 1914 mpaka 1918, waliotumia jengo la soko lililokuwa limeanzwa na Wajerumani. Nyumba zilizojengwa katika viwanja vya hapo zilikuwa za mtindo mmoja: vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma. Boriti za mikoko zilikuja kwa majahazi kutoka mitoni mwa Rufiji. Fito zilifungwa kwa kamba, zikajazwa udongo na vipande vya mawe. Urefu wa boriti ndio uliokata upana wa chumba, basi mkoko ulikuwa mhandisi wa kwanza wa pwani. Paa lilikuwa la makuti, au la madebe ya mafuta yaliyopasuliwa na kunyoshwa kwa nyundo.

Nyumba kama hiyo ilipobomolewa, watoto walipenda kutazama. Boriti zilichomolewa moja moja, zikapangwa kwa urefu. Udongo ulilowekwa maji ukakandwa upya. Debe lililokuwa paa likawa karai, na likitoboka likawa koroboi. Kilichobaki kikatupwa hakikujaza kikapu. Sisemi turudi katika nyumba za udongo. Mchwa nao walikuwa na daftari lao, na waliokaa humo wakati wa masika wanajua yaliyowapata. Nasema tu kwamba wale wazee, ambao wengine hawakujua kusoma, walijua kila kijiti kimetoka wapi na kitakwenda wapi. Sisi tunaojua kusoma tumejenga ghorofa kumi juu ya kiwanja kile kile, na hatujui udongo wa msingi wake umelala wapi.

Fanyeni hesabu nami tena, ni ya pili na ya mwisho. Mtu achimba chumba cha chini ya ardhi kwa ajili ya duka, kama ilivyokuwa desturi kubwa Kariakoo kwa kuwa kila hatua ya ardhi ni fedha. Shimo lina urefu wa mita 20, upana 15, kina 4. Hiyo ni mita 1,200 za ujazo. Lakini udongo ukisha kuchimbwa huvimba, kadiri ya robo. Basi ni mita 1,500. Lori la kadiri hubeba mita 5. Ni safari 300, kwa kiwanja kimoja! Pugu Kinyamwezi kwenye dampo ni mbali, na foleni ya barabara mnaijua. Bonde la Msimbazi liko karibu, ni mteremko, tena usiku hapana mtu. Mwenye lori aliyepatana kwa safari, wala si kwa siku, mnadhani atashika njia ipi?

Ndivyo mto Msimbazi, utokao vilima vya Pugu na kupita Jangwani kwenda baharini, ulivyopewa mzigo usiouomba. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 katika mji huu, na wengi walionusurika wa bondeni walihamishiwa Mabwepande. Tusiseme kwamba kifusi ndicho kilichofanya yote. Mvua ilikuwa kubwa mno, na watu walikuwa wamejenga mahali pa maji, na taka za nyumbani na michanga iliyoletwa na mto vilikuwamo pia. Lakini maji ni mkaguzi asiyepokea hongo. Kila tani iliyotupwa bondeni bila kuandikwa, yeye aliiandika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ipo, na halmashauri zimepewa wajibu wa taka ngumu. Ila sheria haimfikii mtu ambaye safari yake ya usiku haikuandikwa na yeyote.

Sasa nafika mahali pagumu. Asubuhi ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa nyingi lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi lilianguka, wakafa watu 36. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa lenye maduka lilianguka Kariakoo mtaa wa Mchikichi, siku ya soko, watu wamejaa. Wakafa zaidi ya 20, na zaidi ya 80 wakaokolewa, wengine baada ya kukaa muda mrefu katika sehemu ya chini ya ardhi wakiwaita waokoaji kupitia vifusi. Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, aliunda tume ya kukagua majengo ya Kariakoo. Mimi si tume, wala sitahukumu majengo yale yaliangushwa na nini. Nawaambia tu jambo moja la ukarani. Nyufa huweza kupigwa lipu. Mchoro huweza kufungiwa kabatini. Kelele ya sululu huweza kufanywa usiku nyuma ya mlango uliofungwa. Lakini safari 300 za udongo haziwezi kufichwa kwa mtu mwenye safu ya kilichotoka. Udongo ukitoka katika nyumba ambayo watu wamo ndani wakiuza nguo, daftari litauliza swali kabla ya mkaguzi yeyote: udongo huu watoka chini ya nini?

Kwa hiyo lundo la kifusi si uchafu tu wa kuwaudhi wapita njia. Ni nusu ya pili ya daftari. Likiwa kubwa kuliko lilivyotazamiwa, pana kitu kimevunjwa ambacho hakikuandikwa, au pana shimo lisilokuwamo katika mchoro. Likiwa dogo kuliko lilivyotazamiwa, liko mtoni. Mimi nalikuwa naliona lundo kila siku mlangoni mwa stoo, na sikujua kulisoma.

Basi ombi langu kwa Kamati ni dogo. Wanachama wetu wengi wamo katika idara zinazojenga shule, zahanati na nyumba za watumishi, na wengine jioni huombwa na ndugu zao wawatunzie hesabu za nyumba zao wenyewe. Hao wote waongeze safu tatu katika daftari la stoo: kilichoharibika, kilichotoka, na kilikokwenda. Safu ya tatu isiandikwe kwa maneno ya dereva; iandikwe kwa risiti ya dampo, au kwa jina la mtu aliyekipokea. Maana si kila kifusi ni cha kutupwa: matofali yaliyovunjika hufaa kujazia sakafu, vipande vya nondo vina wanunuzi wa chuma chakavu wanaopita kila asubuhi, mbao za kumiminia zege zikipakwa mafuta na kung'olewa misumari hurudi kazini mara nyingi, na misumari yenyewe hunyoshwa. Kiandikwe tu.

Najua wengine mnasema moyoni kwamba mnyapara atatushika mkono. Atawashika. Mimi sina dawa ya mkono wa mnyapara, ila nimeona kwamba mkono wake huwa mzito daftari likiwa la mtu mmoja, na huwa mwepesi likitiwa sahihi na wawili. Kwa hiyo fundi mkuu naye atie sahihi yake kila jioni kando ya yetu, na nakala iende kwa mwenye nyumba kila Jumamosi. Mwenye nyumba akisema hataki kusumbuliwa na makaratasi, hilo nalo liandikwe pamoja na tarehe.

Nimeleta daftari langu la siku zile. Liko pale mezani kwa Bwana Katibu, karibu na birika la chai. Ukurasa wa 41 ndio wenye mistari miwili niliyowaambia. Katika jalada la nyuma nimechora zile safu tatu kwa penseli, pamoja na hesabu ya nguzo 20, na anayetaka kunakili anakaribishwa.